Jinsi Kaka Fondo Alivyoomba Kazi ya Gari la Wagonjwa

Kaka yangu Fondo alirudi Changamwe kutoka vita vya Burma mwaka wa 1946, na alichotaka kilikuwa kimoja tu: kazi ya udereva karibu na nyumba ya Mama. Askari wenzake walikuwa wamekwenda Nairobi, na huko kazi zilikuwepo. Yeye alisema, "Miaka yote ile nimeota moshi wa jiko hili. Siendi tena mahali pa kuuota."

Ikatangazwa kanisani kwamba zahanati ya misheni, upande wa Miritini, yatafuta dereva wa gari la wagonjwa. Waombaji waandike barua. Fondo akashinda na kalamu tangu asubuhi, kisha akanipa nisome, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika sekondari.

Barua ilianza kwa kumsalimu daktari, kisha mkewe, kisha watoto wake, ikauliza kama kwao Ulaya mvua imenyesha. Ikamshukuru Mungu aliyetuvusha vitani. Chini kabisa, karatasi ikielekea kwisha: "Pia nimesikia mna gari."

"Kaka, hujasema hata kama wajua kuendesha!"

"Nijisifu mwenyewe, Chengo? Mimi jogoo?"

"Sasa daktari atajuaje?"

"Atauliza watu. Mtu husemewa."

Mama akacheka huko jikoni. "Huyo hata shule nilimwombea mimi. Yeye alikuwa akitazama miguu yake."

Basi nikamwandikia barua, nikisema "mimi" kana kwamba ni yeye anenaye. Sikusema kwamba ni dereva hodari, maana kila mwombaji angesema hivyo. Niliandika aliyotusimulia Wafula, mwenzake wa vitani, alipopita kutusalimu: kwamba Fondo aliendesha lori la majeruhi, na kila walipofika mtoni alishuka yeye kwanza, akaingia majini kupima kina kwa miguu yake, ndipo akawavusha. Nikaeleza kwamba aweza kutengeneza injini, na kwamba nyumba yetu iko kando ya barabara, akiitwa atasikia. Yote hayo hayakujaza ukurasa.

Fondo akasoma, nami nikampa kalamu aweke jina. Akanirudishia kalamu. "Maneno ni yako. Weka jina lako."

Nikaweka. Na majibu yakaja kwa jina langu: Bwana Chengo afike aonyeshe uendeshaji wake.

Tukaenda wawili. Daktari akanionyesha gari. "Haya, Chengo, panda."

"Mimi sijui hata kuliwasha, bwana. Dereva ni huyu ndugu yangu."

"Na yeye hana mkono wa kuandika?"

"Mkono anao, bwana. Mdomo wa kujisifu ndio hana."

Daktari akageuka kumtazama. Fondo alikuwa amechuchumaa, kiganja juu ya gurudumu la nyuma.

"Hili limepungua upepo, bwana," akasema. "Tukienda hivi, mgonjwa ataumia njiani."

"Basi lijaze," daktari akamjibu, "kisha twende."

Waliporudi, kazi ilikuwa ya Fondo.

Tangu siku hiyo, kila alipopita mbele ya nyumba yetu alipiga honi mara moja, fupi. Mama aliinua mkono, hata akiwa ndani ambako mwanawe hakuweza kumwona. "Mzima," alisema, akaendelea na kazi yake.

Homa ilimchukua Fondo mwaka huu wa 1949, katika Kwaresima. Mungu amlaze mahali pema. Nimeomba, nimeimba zaburi pamoja na wenzangu, nami naamini tutaonana. Lakini nyumba yetu bado iko pale pale barabarani, na gari nalo bado lapita. Dereva ni kijana mwingine, mwenye adabu, hupita kimya. Mama akilisikia likipanda kilima huacha analolifanya, mkono ukiwa tayari, mpaka mlio upotee.

Juzi aliniita. "Chengo, mwandikie daktari. Yule kijana apige honi akipita hapa. Mara moja tu."

Nikachukua karatasi. Nimemsalimu daktari, na mkewe, na watoto. Nimeuliza kuhusu mvua ya kwao. Nimemshukuru Mungu kwa miaka aliyotuachia Fondo hapa nyumbani. Sasa ukurasa umekwisha, na haja ya Mama bado sijaifikia.