Maganda Yaliyopigwa Mara Nane

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, kijua kidogo, kisha manyunyu tena.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, alikuja kwa treni kutoka Södertälje na maganda yake ya risasi kwenye mkebe wa kahawa. Jumatatu msako wa älg, yule mnyama mkubwa wa pembe pana wa misitu ya huku, unaanza, na sisi wawili hujaza risasi zetu wenyewe hapa kwangu Jordbro, kwenye meza ya stoo. Ganda lililokwisha kupigwa tunalirudisha umbo, tunalitia fataki mpya, baruti na kichwa, linatumika tena. Ila si milele. Shaba ya ganda huchoka karibu na kitako, na ikikatikia ndani ya bunduki, moto unaweza kumrudia mpigaji usoni.

Ya shemeji yalikuwa meusi, yamepigwa mara nane. Yangu mara nne tu, yanang'aa. Nilipitisha waya wenye ncha iliyopinda ndani ya ganda lake moja, nikahisi kama mfereji, dalili kwamba shaba imekonda. Nikamwambia haya yamechoka, ayatupe. Labda nilisema kwa ukali, sina hakika.

Akasema mimi napenda vitu vipya, ndiyo maana hata sufuria zangu hazijui masizi. Akaongeza: tulikate basi, tuone. Nikaona si haki kukata la kwake peke yake, nikachukua msumeno wa chuma nikakata na langu.

Lake lilikuwa zima. Ule mfereji wangu ulikuwa uchafu wa baruti. Langu lilikuwa na ufa mwembamba, umezunguka kote. Nikakata langu la pili, la tatu. Yaleyale.

Akaitazama kalibu yangu ya kurudishia umbo. Niliiteremsha mno. Kila mara nalisukuma bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, chini kupita kiasi, nalo likipigwa linavutika upya. Mimi ndiye niliyeyachosha.

"Nimekulaumu bure, shemeji."

"Mimi hukunilaumu. Umeulaumu mkebe wa kahawa," akasema. "Chukua maganda yangu ishirini. Kalibu nitaipanga mimi, wewe utapima baruti."

Yangu yote arobaini nikayatia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Yake tukayarudisha umbo, tukayajaribu matupu kwenye bunduki yangu, yakaingia bila kulazimishwa. Kazi ikaenda vizuri, nikapima kila kipimo mara mbili naye hakunicheka. Sijui kama ningekuwa mimi ningenyamaza.

Jioni tulikula wali, maharagwe na kabichi, na shemeji akaongezewa.