Pilau Kwenye Bei ya Gari

Leo nimefungua mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho, na harufu yake imenirudisha kwenye gari la baba. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini hadi mchanga wa kijijini kwetu Makote ukawa unalikwangua tumbo. Mtu mwenye akili zake asingelinunua. Baba alilinunua msimu korosho zilipopanda bei, akalifanyia na dua, akachinja mbuzi wawili.

Alipotaka kuliuza, alikuja fundi kutoka Masasi. Nilimwamkia, nikamletea maji. Alilizunguka gari, akataja bei ambayo hata mimi mtoto niliiona ya haki. Baba akaguna kama ametukanwa, akataja mara tatu yake.

"Rimu mpya hizo. Redio. Na pilau la dua, kilikula kijiji kizima."

"Kaka, mimi nanunua gari," fundi alisema taratibu. "Pilau mlishakula."

Akaondoka, na hakuja mwingine. Baba akaligeuza stoo ya mifuko ya salfa, ila bei akaishikilia ile ile. Mwaka uliofuata kuku akatotoa kwenye kiti cha dereva. Mama alichungulia dirishani, akamuuliza baba kwa heshima zote, "Na hivi vifaranga, tuviongeze kwenye bei?"