Waliozunguka Nyumba ya Bi Liang

Kissa wa mtaa wa Xiaobei usimwambie habari za kuhama. Atakutazama juu mpaka chini, atasonya, halafu atakuongezea wali kwenye sahani ili mdomo wako upate kazi nyingine. Ni mwanamke wa Tukuyu, roho safi, ulimi mkali. Alikuja Guangzhou, kule China, kununua mashuka ya kwenda kuuza Mbeya, akakuta wafanyabiashara wenzake wanashinda njaa kwa kuogopa vyakula wasivyovijua. Akasema ah, mashuka yatangoja, akawasha jiko. Tangu hapo ni mama ntilie wa ghorofa ya pili, nyumba ya Bi Liang, kwenye uchochoro nyuma ya maduka makubwa ya jumla.

Enzi zile, jamani! Ukimsikia akisimulia utatamani ungekuwepo. Mchana ngazi zimejaa watu wenye sahani mikononi, Wazanzibari wanabishana na Wakongo kuhusu makontena yaliyokwama bandarini Nansha, mmoja anadai pilipili, mwingine anadai ukoko. Jumapili jioni meza zinasukumwa ukutani, madirisha yanafungwa, watu wanaimba mapambio kwa sauti ya chini wasije wakasumbua majirani. Pale ndipo mteja wake Séphora alipovishwa pete ya uchumba. Pale ndipo walipomlilia mwenzao Clément, aliyefariki mbali na mama yake. Halafu ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, na wenye nyumba wengi wakawafungia wageni milango. Bi Liang, mama wa watu mfupi hivi, alisimama ngazini mikono kiunoni, akawaambia majirani kwamba Kissa ni mpangaji wake na haendi popote. Kissa hajalisahau hilo, wala hatalisahau.

Wengi walioondoka wakati ule hawakurudi. Siku hizi walaji ni wa kuhesabu, lakini Kissa bado anabandika sufuria ile ile kubwa, na yanayobaki anawagawia majirani.

Mwaka huu ndipo zikaja habari kwamba uchochoro mzima utafanywa upya. Nyumba za zamani zivunjwe, wenye nyumba wapewe fleti kwenye maghorofa mapya. Na wapangaji? Wapangaji watafute pa kwenda. Kilichosubiriwa ni wakazi wakubaliane, na wakazi walikuwa bado wanavutana. Kissa alilia siku nzima. Vyumba vya kupikia vipo tele mjini, hilo alilijua.

"Lakini hapa pakivunjwa," alimwambia Abass, "yale yote yatakuwa yametokea wapi?"

Abass ni wakala wa mizigo, mtu wa Unguja, mteja wake tangu siku za mwanzo na bingwa wa utani. Siku hiyo hata yeye aliacha utani, akamsaidia kuosha sahani.

Katikati ya majonzi hayo wakafika Patrice na mkewe Kethia, wamisionari kutoka Lubumbashi. Mchana walikuwa wakinunua nguo soko la Shisanhang kwa ajili ya duka lao, alfajiri wakiomba. Patrice aliwaita viongozi wa jumuiya zetu, Elisante mwenyekiti wa Watanzania na Kissa kwa upande wa akina mama, akawaambia Mungu amemwekea mzigo moyoni wa kuombea jiji hili lifanywe upya. Waanzie hapo hapo uchochoroni. Waizunguke nyumba ya Bi Liang kila alfajiri kwa wiki nzima, kama wana wa Israeli walivyouzunguka Yeriko, wakiomba kimoyomoyo. Nani angeshangaa? Saa hizo wazee wa Kichina nao wanatembea humo humo wakirusha mikono kunyoosha viungo.

Kissa alikubali mbio mbio. Wenzake waliomba jiji lipone, vijana wapate kazi, majirani wapendane. Yeye alikuwa na ombi lake moja, hakumwambia mtu: nyumba isiguswe.

Katikati ya wiki Abass akamwuliza, mdomo umejaa maharage, "Mama Kissa, huo mji wa kwenye kitabu chenu, baada ya kuzungukwa ulisimama?"

Kissa akageuka na mwiko mkononi.

"Nauliza tu," Abass akasema. "Maana mimi ninavyokumbuka, ulianguka wote."

"Mungu wangu! Ee, jamani!" Kissa akaacha jiko linawaka, akamfuata Patrice hotelini kwake na aproni kiunoni.

"Bon, Mama Kissa, usiogope," Patrice akamtuliza. "Sisi tunabomoa ukuta ya shetani, haiko ukuta ya matofali."

"Na shetani huyo si anakaa humo humo ndani ya matofali? Kuta zake zikianguka, zangu zitabaki?"

Patrice alicheka mpaka akafuta machozi. Kissa hakucheka. Alirudi akakuta wali umeungua, na akaukwangua huku akiwaza. Kesho yake alfajiri, wenzake walipoelekea kushoto, yeye akaelekea kulia. Alikuwa anaifungua ile mizunguko yote! Kila upande wa nyumba wakawa wanakutana naye uso kwa uso, Kethia akijibana asicheke, Elisante akikohoa. Kissa alipita katikati yao kidevu juu, midomo ikimtembea.

Akaendelea hivyo mpaka siku ya mwisho. Siku hiyo, akikata kona ya mbele, alimkuta Bi Liang amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mkono mmoja ukutani, anahema.

"Ayi!" Ndivyo anavyomwita, kama Wachina wanavyowaita akina mama watu wazima. "Umeshukaje peke yako?"

"Polepole. Kila ghorofa nimekaa nikapumzika." Bi Liang akawanyooshea kidole wenzake waliokuwa wakipita. "Wale wanaomba nini?"

"Wanaomba mtaa uwe mpya."

"Na wewe, mbona unakwenda kinyume chao?"

Kissa akamfuta jasho kwa ncha ya kanga. Bi Liang hakungoja jibu.

"Nimewaona toka dirishani nikasema na mimi nishuke niwe nanyi. Kila asubuhi nawafukizia ubani wazee wangu waliotangulia, nawaomba wanipe nyumba yenye lifti. Hapa hata pa kuiweka hapana. Tangu mwaka mpya wetu nimefungiwa kule ghorofa ya sita na haya magoti. Nikifia kule juu, watanishushaje?"

Kissa alisikia uso unamwaka. Tangu mwaka mpya wao! Miezi yote hiyo alikuwa akimpelekea chakula mlangoni, anasifiwa mapishi, anashuka zake. Hakuwahi kumwuliza magoti yanasemaje. Alimkasirikia Patrice, akamkasirikia Bi Liang, mwisho akajikasirikia mwenyewe.

Akamshika mkono, akamwinua taratibu, na wakaanza kutembea. Waliufuata upande wa kushoto, kama wenzao. Mzunguko ule mmoja uliwachukua muda mrefu kuliko ile mingine yote, na hakuna aliyewaharakisha.

Walipomaliza, Patrice akaomba kila kiongozi afunge kwa maneno yake. Elisante akaomba ombi refu, zuri. Ilipofika zamu ya Kissa, aliinua macho kwenye dirisha la jiko lake. Pazia lilikuwa lile lile la maua alilolishona Séphora.

"Bwana," alisema, "ivunje." Kethia akamkumbatia.

Bi Liang akamvuta kanga, akitaka kujua amesema nini.

"Nimekuombea lifti, Ayi."

Bi Liang akafurahi kweli kweli, akampigapiga mgongoni. "Na wewe mwenyewe umejiombea nini?"

Kissa akamwambia zamu yake ilikuwa hiyo moja tu.