Koti Lisilo na Mkono wa Kushoto

Kabla hujamjua Mama Glavu, ulilijua koti lake. Lilikuwa la kijani, la kitambaa kigumu cha ovaroli, lenye mifuko minne na mkono mmoja tu, wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa na tundu la bega lililopindwa kwa uzi maradufu, na wageni walidhani maskini mama wa watu amekatwa mkono. Thubutu. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa unailisha nyumba.

Kazi yake ilikuwa kupima mimba za ng'ombe. Alivaa glavu ya plastiki iliyofika begani, akaipaka sabuni, akaingiza mkono kwa nyuma, njia ya kinyesi, taratibu, mpaka kiwiko, mpaka karibu na kwapa. Huko ndani, kupitia ukuta laini wa utumbo, aliupapasa mfuko wa uzazi uliolala chini yake. Wewe unayekunja pua, kunja tu. Nyumba chungu nzima zilikunywa chai ya maziwa kwa sababu ya mkono huo, na sikusikia aliyekunja pua mbele ya kikombe.

Aliingia ofisi ya mifugo akiwa mfagizi. Daktari wa wakati huo alikuwa na mkono mnene kama gogo, na siku moja alipambana na mtamba mmoja mdogo, jike ambaye hajazaa bado, mpaka akakata tamaa. Akamtazama yule mfagizi aliyekuwa ameshika mkia, akaona kamkono kembamba, akasema kwa mzaha, "Haya, ingia wewe." Akaingia. Akapapasa, kisha akasema, "Daktari, kuna kitu ukubwa wa chungwa, ndani kama kina maji." Daktari aliacha kucheka. Miezi saba baadaye mtamba akazaa, na mfagizi akapelekwa kozi.

Mtaani walimcheka weee. Mwanamke mzima, mke wa mtu, mkono wake unaingia wapi? Mume wake alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda pale kwenye kona, na wateja walimtania huku wakipimwa suruali. Hakujibizana na mtu. Alikata kitambaa cha kijani, akashona koti, akaacha mkono mmoja makusudi ili bega la mkewe liwe huru. "Wakitaka kucheka," alisema, "wacheke mbele ya koti lililoshonwa vizuri." Mama Glavu alilivaa siku ya pili yake, akapita katikati ya soko kifua mbele.

Sasa nikwambie alivyokosea, maana alikosea, tena vibaya. Ilikuwa mwaka wa tatu wa kazi, kichwa kimeshamvimba kidogo, watu wanamsifia. Akaitwa kwa seremala mmoja. Akaingiza mkono, akapapasa kushoto, akapapasa kulia, hakukuta kitu. "Tupu," akasema, akavua glavu, akaenda zake. Ng'ombe akapelekwa machinjioni, na mchana mchinjaji akamtumia mtu kumwita. Alimkuta ndama amelazwa pembeni juu ya gunia, kwato zimeshaumbika, mwili bado hauna manyoya. Hakuna aliyemgombeza. Siku tatu hakula.

Yule daktari mnene ndiye aliyemweleza. Mimba ikifika mwezi wa tano au wa sita, mfuko unakuwa mzito, unazama chini kabisa tumboni, na mkono unapita juu yake bila kuufikia. "Mkono usipokuta kitu, usiseme hakuna," alimwambia. "Tafuta mshipa." Kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye mfuko wa uzazi. Kwa ng'ombe mtupu unadunda tu kama mshipa mwingine wowote. Kwa mwenye mimba kubwa haudundi, unavuma, mtetemo mmoja chini ya kidole usiokatika.

Mama Glavu aliutafuta mtetemo huo kwa wiki mbili, kila ng'ombe aliyemgusa, hata asiyemhusu. Alipoupata hakujua aulinganishe na nini. Jioni akakaa kibandani kumsubiri mume wake amalizie sare za shule, akaegemeza kiganja juu ya meza ya cherehani, na mume akakanyaga. Mama Glavu akaruka kana kwamba kachomwa. "Ndio huu," akasema. "Huu huu." Toka siku hiyo, mtetemo ule katika nyumba yao haukuwa na jina jingine. Uliitwa "baba anashona".

Na toka siku hiyo alikuwa na majibu matatu tu. Ana mimba. Tupu. Bado sijajua, nitarudi. Hilo la tatu wenye ng'ombe walilichukia kuliko ugonjwa wa kwato, lakini hakubanduka. Hakusema "tupu" mpaka ameugusa mfuko wote, yale matawi yake mawili yaitwayo pembe, moja baada ya jingine, kwa vidole vyake mwenyewe. Miaka ishirini na sita hakukosea tena. Sitii chumvi. Waulize.

Binti yake alilelewa na kazi hiyo. Nyuma ya mlango wa jikoni palining'inia kiroba kitupu cha unga, na ndani yake mama alitia limau, mpira wa tenisi, vidole vya glavu vilivyojazwa maji na kufungwa, kipande cha bomba la maji. Mtoto alifumba macho, akaingiza mkono, akataja. Akikosa, anarudia kabla ya kula. Wenzake walicheza nje, yeye alikuwa na mkono ndani ya kiroba. Akasoma, akapata cheti cha afya ya mifugo, akaajiriwa ofisi ile ile ya mama yake. Na huko alifanya nini? Alishika mkia, akaandika fomu. Kila akiomba kupima, mama alimjibu, "Mkono wako bado mbichi." Ana miaka ishirini na sita, bado mbichi.

Baba alifariki miaka mitatu nyuma. Cherehani ililetwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyeikanyaga.

Kisha ikaja ganzi. Ilianza msimu wa mvua uliopita, kidole gumba na viwili vinavyofuata, mkono ule ule wa kushoto. Kwanza hakusikia ncha ya pini. Halafu vikombe vikaanza kumponyoka. Miaka yote ile ya kubanwa na ng'ombe wanaokaza ilikuwa inadai chake. Hakumwambia mtu. Alichofanya, jamani, aliongeza lile jibu la tatu. Bado sijajua, nitarudi. Watu wakazidi kumsifu kwa uangalifu. Binti peke yake, aliyekuwa akijaza fomu, ndiye aliyeona kwamba mwezi mmoja mama yake alikuwa hajajua mara kumi na mbili. Alinyamaza, maana ni mama yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa Sista. Sista ni muuguzi mstaafu, anaishi na wajukuu wawili na ng'ombe mmoja anayeitwa Bi Harusi. Mwaka uliotangulia Bi Harusi alipandishwa mara mbili asishike. Alipandishwa tena, ikafika miezi sita, tumbo bado limebana tu, na malisho yalikuwa yamebaki ya siku moja. Mchinjaji alishaegesha pikapu nje ya uzio, kamba mkononi. Huyu mchinjaji si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna kitasa. Kinachoingia masikioni mwake asubuhi, adhuhuri soko zima linacho.

"Mama Glavu," alisema, "leo usije na lile neno lako la nitarudi."

"Na mimi nakuomba hilo hilo, dada yangu," Sista akasema. Alikuwa anamkuna ng'ombe wake shingoni. "Kama ana mimba, nitaenda kupiga magoti kwa jirani anigawie majani. Kama hana, au kama hujui, namwachia aende leo. Siwezi kumtazama akishinda njaa."

Basi jibu la tatu likawa limefungwa. Mama Glavu akalielewa hilo vizuri. Akavaa glavu, binti akashika mkia, mkono ukaingia.

Hakukuta mfuko. Akapapasa kulia, kushoto, chini mpaka shavu lake likagusa paja la ng'ombe. Hamna. Ama Bi Harusi alikuwa mtupu na mfuko umejikunja mahali, ama mimba ilikuwa imezama, sawasawa na yule wa seremala. Akaenda kuutafuta mshipa. Mahali pake alipajua, angefika hata usingizini. Alifika. Akaweka vidole, akasubiri, na vidole havikusema kitu. Ilikuwa kama amevaa glavu tano, moja juu ya nyingine.

Alisimama hivyo, mkono ndani, jasho linamtiririka. Angeweza kusema tu ana mimba. Ni nani angemkatalia? Lakini Sista angekwenda kuomba majani kwa watu miezi mitatu, kwa ajili ya neno ambalo mkono haukulisikia. Na akisema tupu, alishamwona yule ndama juu ya gunia. Angeweza pia kusema ng'ombe anakaza sana, na hata hilo lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama mchinjaji. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amekazia macho mkia kama vile hajaona kitu, na akajua kwamba ameona siku nyingi. Akapiga moyo konde, akautoa mkono.

"Sista, mkono wangu umekufa ganzi," alisema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mchinjaji. "Tangu mvua zilizopita. Sisikii kitu tena humu ndani. Atapima huyu."

Mchinjaji alisogea hatua mbili, shingo kaivuta, asikose neno.

Binti alitumia mkono wa kulia. Mama akachukua mkia. Kumbe ni mzito hivi, na ulimpiga usoni mara mbili.

"Mfuko siufikii, mama."

"Najua. Shingo ya mfuko je?"

"Imevutwa mbele. Imekaza."

"Tafuta mshipa. Usiubane. Gusa tu, halafu uache wenyewe useme."

Binti akafumba macho, kama alivyofanya mbele ya kiroba nyuma ya mlango wa jikoni. Muda ukapita. Mama alikuwa anauangalia uso wake. Kisha binti akafumbua macho.

"Mama," alisema taratibu. "Baba anashona."

Mama Glavu alishika ule mkia kwa mikono miwili.

"Anasemaje?" Sista aliuliza. "Jamani, anasemaje?"

"Anasema nenda kwa jirani ukaombe majani. Ng'ombe wako ana mimba ya miezi sita," Mama Glavu akajibu.

Sista akaegemea shingo ya Bi Harusi, akalia bila kujificha. Mchinjaji akawa anazungusha kamba yake kiganjani. "Lakini wewe mwenyewe hukusikia," alisema.

"Sikusikia. Amesikia mwanangu. Ukifika sokoni usije ukakosea kusimulia." Akachukua fomu, akaweka kidole pale penye mstari wa jina la mpimaji, mstari ambao kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kumpa mtu mwingine, akampa binti kalamu. Nakwambia, hata siku ile ya kwanza ya koti hakuinua kichwa namna ile.

Kama unataka kujua, Bi Harusi alizaa jike, salama, na mchinjaji alikuja kumtazama akiwa na fungu la majani. Lakini mimi nataka kukurudisha mchana ule ule wa Alhamisi, nyumbani.

Mama alivua koti, akamvisha binti. Likamkaa bega kwa bega. Ila mkono uliokosekana ulikuwa wa kushoto, na binti anapima kwa kulia. Wakatazamana, wakacheka mpaka mama akakaa chini. Halafu akachukua mkasi, akafumua mkono wa kulia, uzi kwa uzi, bila kuharibu kitambaa. Ukahamishwa upande wa kushoto. Akaondoa kile kitambaa cheupe juu ya cherehani, akatia mafuta.

"Kanyaga wewe," alimwambia binti.

Binti akakanyaga. Mama akaweka kiganja cha kushoto juu ya meza, vidole vimenyooka. Hakusikia kitu. Akakisogeza, akaweka kiwiko. Kiwiko kilisikia. Akakiacha hapo mpaka koti likaisha.