Vidonge vya Watu Wawili

Kliniki za magonjwa ya kudumu hufanana kila mji: benchi refu, feni inayozunguka bila kuleta upepo, wagonjwa wanaoijua foleni kuliko karani. Mama Pindo alikuwa wa tisa. Jina hilo alilipata katika chumba cha cherehani nyuma ya sehemu ya kufulia ya hospitali yenye kliniki hii, ambako ameshona shuka na magauni ya wagonjwa miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyepinda nguo ikanyooka kama yeye. Siku hizi mwenzake ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano. Vidole vimekakamaa, ngozi yake inang'aa kama imevutwa, na asubuhi za baridi ncha za vidole hugeuka nyeupe.

Daktari alishamweleza: kinga ya mwili wake imegeuka, inashambulia ngozi na nyama zinazoshikilia viungo, kama mlinzi aliyemvamia mwenye nyumba. Hilo alishalizoea. Kilichomchosha ni presha.

"Mia sitini na nane kwa mia na nne," nesi alisema akimlegezea mkanda wa kipimo mkononi. "Mama Pindo, vidonge unameza au unalisha kuku?"

"Nameza, mwanangu."

"Basi presha yako ina kiburi."

Ndani, daktari alikuwa amechora ukoo wake kwenye karatasi, wanawake duara, wanaume mraba. Duara la mama: kiharusi. La dada mkubwa: presha, kisha figo. Mraba wa mjomba: kiharusi.

"Presha yako inaweza kuwa imeingia kwa mlango wowote kati ya miwili," daktari alisema. "Ugonjwa huu ukigusa figo, presha hupanda. Na zipo familia ambazo watu hurithi mwelekeo wa presha, hata asiye na ugonjwa mwingine. Huyu mdogo wako wa kiume vipi?"

"Huyo? Mzima kama chuma."

Daktari aliutazama ule mraba mtupu. "Kama yeye ni mzima, na presha haishuki ingawa dawa nimekuongezea mara mbili, basi naziogopa figo. Nitakulaza leo. Tukuanzishie dawa nzito, na ikibidi tuchukue kinyama cha figo tukipime."

Mama Pindo aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakwenda. Alisimama kwenye korido akampigia mdogo wake, dereva wa lori ambaye wenzake humwita Breki.

Katika nyumba walimolelewa, dawa haikuwa ya mtu. Mama yao alikata kidonge cha homa kwa kisu, watoto wanne wakapata kila mmoja kipande, hata ambaye hajaumwa. Kwa hiyo Breki alipopimwa presha kwa siri kwenye duka la dawa ikakutwa juu, dada yake hakufikiri mara mbili. Kila alipotoka kliniki aligawa vidonge: siku moja chake, siku moja cha mdogo wake. Breki hataki hospitali. Kazini kwao madereva hupimwa kila mwaka, na yeye husema dereva mwenye presha ni dereva wa sebuleni.

"Dada, umeshachukua? Zangu zimeisha jana."

"Wanataka kunilaza. Wanasema dawa hainisikii."

"Mbona mimi inanisikia?"

"Umepima?"

Injini ilinguruma upande wa pili. "Kichwa hakinigongi."

"Mama naye hakikumgonga."

"Dada, usinitaje. Nina watoto."

"Na mimi nina figo mbili tu."

"Basi meza zote wewe, mimi nitakunywa maji," alisema, akakata simu.

Aliporudi ndani alikaa polepole, kama aliyebeba kitu.

"Daktari, mimi nameza nusu. Miezi kumi na moja sasa."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakufoka; naye alionekana amechoka. "Na nusu nyingine?"

Mama Pindo aliweka kidole kilichokakamaa juu ya mraba mtupu. "Usiandike kazi yake."

"Hapa hakuna nafasi ya kazi. Na mwajiri wake simwandikii mimi." Aliandika alama ya kuuliza ndani ya mraba. "Presha ikitulia, wengi wanaendelea kuendesha. Mwambie aje apimwe, apewe dawa yake. Hizi zilipimwa kwa ajili yako, pengine yeye hazimfai kabisa."

Damu na mkojo vilipimwa palepale. Figo zilikuwa bado zinahimili. Hakulazwa. Alipewa wiki mbili za kumeza dozi nzima na kupimwa kila baada ya siku mbili, na kikadi cha miadi cha mtu wa pili.

Jioni Breki alikuja kuchukua fungu lake kama kawaida. Dada yake alimpa kikadi.

"Vidonge viko wapi?"

"Vyangu viko ndani."

"Kwa hiyo umenisema."

"Nimesema nameza nusu. Mengine wameyaona kwenye karatasi. Mama, mjomba, dada. Ulidhani wewe umezaliwa na nani?"

Breki aligeuza kikadi, akakiangalia nyuma ambako hakukuandikwa kitu. Mama Pindo alimeza kidonge chake kizima mbele yake.

"Wanafungua saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Ukichelewa utaketi mwisho wa benchi."

"Sijasema nakuja."

"Sijasema umesema."

Breki aliweka kikadi kwenye mfuko wa shati, akaondoka bila kuaga. Mama Pindo hakumfuata mlangoni. Alijinyoosha kitandani na viatu miguuni, maana kuvifungua kulitaka vidole.