Kambale wa Kupelekea Natacha

Yaya wangu Godelieve, dada yangu mukubwa, muzaliwa wa Buleusa kama mimi, iko na ubaya moja tu: hajui kunyima muntu. Ukimusalimia njiani na macho yako iko kwa muzigo yake, ataifungua. Na sisi watu wa Walikale, wacha niseme ukweli, tuko na tabia ya kuchungulia. Muntu akipita na nyama ao samaki ya kupelekea wakwe, kila muntu wa ukoo lazima aone, ashike, na kama iko na kitu, aongeze. Njo heshima yetu. Lakini heshima hiyo haipatane na barafu.

Mwaka jana Natacha, binti yake, aliolewa Karuba, kule milimani ya Masisi. Yaya akanunua glasiere, sanduku ya kutunza barafu, ya buluu, yenye kufunga na vyuma, na magurudumu kama ya valizi ya safari. Ilikuwa muzuri, siwezi kudanganya. Akaijaza kambale wa kugandishwa kwa frigo ya mujirani. Kabla ya kufika kiwanja ya ndege ya kwenda Goma, nusu ya ukoo ilikuwa imeifungua. Shangazi yetu Béata njo alimaliza kazi: alileta kambale wake wa asubuhi hiyo, ingali inatikisa mukia, akamuchomeka katikati ya barafu. Nani atamwambia shangazi hapana? Kule Karuba, walipofungua, nyumba muzima ilikimbilia nje juu ya harufu. Mama Mukankusi, mama mukwe wa Natacha, muntu wa ng'ombe tangu kuzaliwa, aliinuka. Alichukua vyombo vyake vya maziwa, akaenda kuviweka mbali. Kwao wazee wanasema samaki ikikaribia maziwa, ng'ombe inakauka. Yaya alirudi na aibu ya kubeba kwa kichwa.

Mwaka huu Natacha akazaa. Mutoto muzima, lakini yeye mwenyewe akakataa chakula. Wanamupa maziwa, anageuza uso. Wanamupa uji, ni vile vile. Titi likaanza kukauka, na mutoto analia mpaka sauti inapotea. Siku moja akapigia mama yake simu.

«Mama, nataka muchuzi wa kambale ya kwetu tu. Ile mubichi, isiyo ya moshi.»

Kwetu, mwanamuke mwenye amezaa anainuliwa na muchuzi huo. Kambale ya moshi wanasema inamupa kikohozi, basi ilibaki barafu tu. Yaya hakulala vizuri tena. Akaniita twende sokoni kutafuta glasiere, juu ile ya kwanza harufu yake haikutoka ata kwa ndimu.

Muuzaji alikuwa na mbili. Moja ya buluu, dada ya ile ya mwaka jana, akaisifu mpaka mate ikamukauka. Ingine ilikuwa sanduku jeupe ya frigolite, ile povu ngumu, nyepesi kama kapu tupu, kona moja imebomoka, haina ata kikomeo. Yaya akashika ile jeupe. Mimi nikakasirika. Nikamwambia hiyo ni sanduku ya kuzikia kuku, kwamba muntu mwenye akili hapeleke uhai wa mutoto ndani ya takataka. Yaya akaniacha nimalize.

«Mapendo, ile ya buluu iko na mulango,» akasema. «Hii, tukishaizungusha utepe wa skochi, haina mulango tena.»

Nikaibeba ile jeupe. Muntu akishaumwa na nyoka, ata kamba anaogopa.

Tukagandisha kambale mpaka wakawa mawe, tukaziba nafasi zote na chupa za maji ya barafu, tukazungusha skochi mpaka weupe wa sanduku ukapotea. Njiani watu walichungulia, hawakuona pa kushika. Lakini kwenye kiwanja ya ndege, nani anatungojea? Shangazi Béata, na beseni, na ndani yake kambale anageuka-geuka. Akaomba kisu akate skochi. Maisha yake yote hakuwahi kumukatalia muntu mukubwa.

«Shangazi,» akasema, «ikifunguka hapa, mutoto wa Natacha atalala njaa.»

Shangazi akaweka beseni chini. Mimi nilishajiandaa kwa matusi. Kisha akafungua kitenge cha kiunoni, alikuwa amevaa viwili, akaizungusha kwenye sanduku na kuikaza fundo. Akasema na yeye sasa ameongeza. Kambale wake tulimupika jioni kwangu, na nisimusingizie, alikuwa mutamu.

Yaliyobaki yaya alinihadithia kwa simu. Ndege ilimushusha Goma, pale akapanda moto, ni kusema pikipiki, sanduku kwa mapaja, Sake, Mushaki, mpaka Karuba. Mama Mukankusi alikuwa amesimama kwenye lupango ya nyumba yake, vyombo vya maziwa amekwisha kuviondoa. Yaya akafungua kitenge, akasema ni ya shangazi, akakata skochi. Kambale wa kwanza akaanguka kwa sahani na kulia kama jiwe. Hapo yaya akakaa chini, kwa majani, akacheka na machozi inatoka.

Mama Mukankusi akatoa sufuria moja, akasema hiyo itakuwa ya samaki tu, na moto uwe nyuma ya nyumba. Natacha akakunywa bakuli, akaomba ingine. Kesho yake vile vile. Siku zikapita chache, mutoto ananyonya mpaka analala na titi mudomoni. Njo yaya naye akalala vizuri tena, anasema ata ndoto hakuota.

Siku ya kurudi, akatafuta sanduku yake akaikosa. Ilikuwa uani. Mama Mukankusi alikuwa anaisugua na majivu, ameinama, mikono yake mwenyewe. Akainusa, akaisugua tena. Kisha akaweka ndani fromaji, jibini za maziwa ya ng'ombe zake, akazungusha skochi, na kitenge cha shangazi juu.

«Mama Natacha, usimufungulie muntu njiani,» akasema. «Ukifika, mufungulie yule mwenye kitenge.»

Shangazi Béata njo alikata skochi. Fromaji ilikuwa inanuka samaki kidogo. Tukaikula yote.