Félicité Kaneza na Tanki la Tani Mia Sita

Félicité Kaneza alizaliwa Bwegera, kwa Warundi wakulima wa mpunga, na alikuwa msichana pekee katika darasa lake la ufundi wa ujenzi. Kwa miaka kumi na mmoja alipima udongo wa barabara na madaraja ya uwanda wa Ruzizi. Vita vya 1996 vilipofika mji wa Uvira, ofisi aliyofanyia kazi iliporwa hadi milango. Yeye aliokoa kitu kimoja tu, fimbo ndefu ya chuma yenye ncha, ya kupimia udongo, pamoja na nyundo yake ya kilo kumi, akaificha chini ya kitanda. Kwa miaka mitatu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na wengi wakasahau kwamba mama yule ni fundi.

Mwaka 1999 kipindupindu kiliingia Songo, mtaa wa Uvira kando ya ziwa. Mabomba yalikuwa makavu, watu wakinywa maji ya ziwa. Shirika moja la misaada likaleta kwa boti vipande vya tanki la chuma, la upana wa meta kumi na mbili na kimo cha meta tano. Likijaa lingekaribia tani mia sita, na lingekaa juu ya mchanga na kokoto zilizoletwa na mito kutoka milimani.

Kazi alipewa mhandisi Rémy, kijana wa Bukavu. Barabara ya uwanda ilikuwa imefungwa na saruji haikuja, kwa hiyo aliamua kulikalisha tanki juu ya tuta la changarawe lililoshindiliwa. Félicité aliposikia, alimwachia jirani meza yake ya sokoni, akaenda kuomba kazi. Alimkuta Rémy amefurahi. Alikuwa ameweka sahani ya chuma juu ya mchanga, akaipakia magunia ya mawe, nayo ikazama milimeta mbili tu.

Félicité aliitazama ile sahani, pana kama sinia la ugali.

“Ingénieur, hii iko mudogo,” alisema. “Inauliza udongo wa juu tu. Tanki iko mupana, itauliza mpaka kule chini.”

Rémy alimwuliza angejuaje ya kule chini. Félicité akaenda nyumbani kuleta fimbo yake.

Walipima mahali kumi na mbili. Nyundo iliangushwa, na Félicité akahesabu mapigo kwa kila sentimeta kumi fimbo inazoshuka. Upande wa mlimani yalikuwa kumi na matano, kumi na sita, hadi chini. Upande wa ziwa, fimbo ilipopita meta moja, mapigo yakawa manne, kisha matatu. Chini yake palikuwa na mkondo wa zamani wa mto, uliojaa mchanga mlegevu. Tanki lingeinama upande huo na viungo vya chuma vingepasuka siku ya kwanza.

Rémy akamwuliza afanye nini. Félicité alisema wauchimbe mchanga ule wote, hadi meta mbili na nusu, waurudishe tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimeta ishirini, waunyeshee na kuushindilia. Mashine hazikuwapo. Walijaza pipa la chuma zege la mifuko michache ya saruji waliyokuwa nayo, wakalifunga kamba, na wanawake wa Songo wakalivuta juu ya mchanga kwa zamu majuma matano. Félicité alipopima tena, mapigo yalifika kumi na manane.

Ndipo mapigano yakashuka kutoka milimani. Watu walikimbia siku nne. Waliporudi, walikuta askari wamepita pale na kuchimba handaki refu katikati ya upande ule ule wa ziwa.

Félicité alikaa chini ukingoni, akalia. Rémy naye alikuwa amebanwa: mafundi wa kuunga tanki wangeondoka baada ya majuma matatu. Alisema wafukie handaki na kushindilia juu, hakuna atakayejua.

“Tanki itajua,” Félicité alimjibu. “Na minye nitajua.”

Rémy alilitazama handaki. Kisha akavua viatu, akashika kamba ya pipa pamoja na wanawake. Walifungua upande wote ule na kuanza upya, alfajiri hadi magharibi, wakamaliza kwa siku kumi na tatu.

Tanki liliungwa. Ikabaki kulijaza. Félicité alikataa lijazwe kwa mara moja. Mchanga, alieleza, haufichi neno kwa miaka kama udongo wa mfinyanzi. Ukipata mzigo unazama papo hapo, ukasema kweli yake. Basi wajaze kidogo, wasimame, wapime. Alichora alama kumi na mbili kuzunguka tanki, akazilinganisha kwa mpira mwembamba wa kuonea maji, ambayo husimama kimo kimoja kwenye ncha zake zote mbili.

Walijaza siku sita, kwa maji ya ziwa yaliyotiwa dawa. Maji yalipofika nusu, upande wa mlimani ulikuwa umeshuka milimeta tisa, wa ziwa kumi na moja. Siku ya sita maji yalifika juu. Félicité alizunguka tanki mara mbili, akiinama kwenye kila alama, watu wakiwa wamejaa uwanjani. Milimeta kumi na tisa mlimani, ishirini na tatu ziwani. Tofauti ilikuwa milimeta nne katika upana wote ule. Walisubiri siku mbili zaidi. Hakuna alama iliyosogea.

“Imekaa,” alisema.

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Wanawake waliovuta pipa walimbeba juujuu, mwenyewe akiwaomba wamshushe, akicheka na machozi yakimtoka. Mchana huo mabomba ya Songo yalifunguliwa, na idadi ya wagonjwa ikaanza kupungua juma kwa juma.

Katika ripoti yake Rémy aliandika kwamba msingi umebuniwa na Félicité Kaneza. Miezi michache baadaye, watu wa Runingu, kijiji cha uwandani, walitembea hadi Uvira kuomba tanki lao. Walipofika ofisini hawakumwulizia mhandisi. Walisema wanamtaka yule mama.